Nimeinua usukani wa pikipiki yangu ya mbio, na sijutii

Fundi wa kwanza niliyemweleza kwamba nataka usukani wa pikipiki yangu upande juu aliniangalia kwa huruma, kisha akaniuliza, "Mzee, unataka kuigeuza bodaboda?" Wenzake pale gereji walicheka, nami nikacheka nao, maana ni kweli kwamba bodaboda ya Boxer inayobeba magunia ya viazi humpa dereva wake mkao wa heshima kuliko pikipiki yangu yenye injini ya cc 600. Hata hivyo, swali lake lilibeba imani ambayo mimi siikubali: kwamba usukani wa chini ndio unaoifanya pikipiki iwe ya mbio, na kwamba anayeuinua amekubali uzee.

Mkao wa kuinama una sababu zake. Usukani wa pikipiki hizi si bomba moja lililopita kutoka upande hadi upande. Ni mikono miwili mifupi, kila mmoja umebanwa kwenye nguzo yake ya shokapu ya mbele, na mara nyingi hukaa chini ya bamba la juu linaloshika nguzo hizo. Mwendeshaji akilalia tangi, upepo humpita juu ya mgongo na uzito wake hulikandamiza gurudumu la mbele, jambo linalofaa sana kwenye kona za kasi. Tena, mwendo ukiwa mkubwa, upepo unaogonga kifua husaidia kukibeba, na viganja hupumzika. Upepo huo, kwa bahati mbaya, haupatikani kwenye foleni ya Waiyaki Way jijini Nairobi, wala kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unaoruhusiwa mjini. Hapo uzito wote wa kifua huangukia viganja, shingo hujikunja nyuma ili macho yaone mbele, na kila tuta hupokelewa na vifundo vya mikono. Nilipokuwa kijana sikulihisi hilo. Miaka ya karibuni, kila niliposhuka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu nikiwa nyuma ya malori, mkono ukiwa kwenye breki karibu muda wote, nilifika Naivasha vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Wanaodhani kwamba kasi na usukani wa juu haviendi pamoja wamkumbuke Eddie Lawson, mwendeshaji wa mbio aliyetwaa ubingwa wa Marekani wa mbio za pikipiki za Superbike mwaka 1981 na 1982 akiwa juu ya Kawasaki yenye usukani mpana, wa juu, ambao leo wangeuita wa bodaboda. Viwanda navyo vimelijua soko hili kwa muda mrefu: Aprilia iliichukua pikipiki yake ya mbio, RSV Mille, ikaifanya Tuono yenye usukani wa juu, na Yamaha ikaijenga MT-10, nayo ya usukani wa juu, kwa msingi wa R1 yake ya mbio. Ila viwanda havikubadilisha usukani peke yake, na hapo ndipo sisi wa gereji za mitaani tunapokosea.

Kazi yangu ya kwanza ilifanywa vibaya, na sehemu ya lawama ni yangu kwa kuwa nilitaka ikamilike siku hiyo hiyo. Fundi aliweka vipande vya kuinulia vya sentimita 5, akairudisha mipira ya breki, yaani mirija inayopitisha mafuta ya breki, na kebo zilezile za zamani, akanikabidhi funguo. Nilipokata kona nikitoka langoni, injini ilinguruma yenyewe bila mimi kugusa mafuta, kwa sababu kebo ya mafuta, ile inayoongeza mwendo wa injini, ilikuwa imevutwa na usukani uliogeuka. Fikiria hali hiyo ingetokea katikati ya mzunguko wa barabara, mbele ya matatu. Nilizima injini, nikaisukuma pikipiki kurudi ndani.

Tangu hapo nina msimamo mkali kuhusu jambo hili. Kabla ya kulipa, pikipiki iinuliwe hadi gurudumu la mbele lining'inie na shokapu zinyooke kabisa, kisha usukani uzungushwe kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, huku mtu mwingine akiangalia kama kuna mpira wa breki unaokazika. Kuangalia pikipiki ikiwa imesimama kwa uzito wake hakutoshi, maana mpira unaoonekana umelegea unaweza kuvutika gurudumu linapoangukia shimo. Baada ya hapo injini iwashwe na zoezi lirudiwe. Mlio ukipanda hata kidogo, kebo ni fupi. Dole gumba lisibanwe kati ya mkono wa usukani na tangi, na kopo la mafuta ya breki lisigonge kioo cha mbele wala kava. Mipira ikibadilishwa, hewa itolewe yote kwenye breki hadi kishikio kiwe kigumu. Mafundi wengine hupendekeza njia ya mkato ya kuzipandisha nguzo za shokapu ndani ya mabamba yake ili zitokeze juu, mikono ibanwe hapo. Mimi ninaikataa, kwa sababu huishusha pua ya pikipiki na kuifanya igeuke upesi kuliko ilivyokusudiwa.

Nimepoteza kitu, sitaficha. Nikikaza mafuta kwa ghafla, gurudumu la mbele ni jepesi kuliko zamani na usukani hutikisika kidogo kwenye lami yenye mawimbi, na nikipita kilomita 100 kwa saa upepo hunisukuma kifuani kama mtu anayenizuia mlangoni. Kwa matumizi yangu, ambayo ni kazini na Naivasha mara moja kwa mwezi, nimeona biashara hiyo ina faida. Mikono ya zamani nimeifunga kwa kitambaa nikaiweka stoo pamoja na kebo zake, kwa ajili ya yule kijana atakayeinunua pikipiki hii siku moja na kutaka kuirudisha ilivyokuwa.