Si kila kifua kinachobana ni pumu

Makala yenu yanasema mzee anayebanwa kifua ana pumu, basi. La hasha! Mamangu, hapa Langoni, Lamu, hajavuta sigara maishani, lakini amepikia kuni na vifuu tangu usichana wake, akivuta moshi wa jikoni. Miaka yote tukiambiwa pumu tu. Alipopuliza kwenye mashine ya kupima pumzi, akavuta dawa kisha akapuliza tena, njia za hewa hazikufunguka sawasawa: ana ugonjwa sugu wa kuziba mapafu, juu ya pumu yake ya utotoni. Pumu hupanda na kushuka; huo mwingine hauondoki. Mwenye yote mawili asinyimwe steroidi ya kuvuta, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, kwani kutegemea dawa ya kupanua njia za hewa pekee ni hatari kwake. Mhariri, tafadhali rekebisheni.