Povu Jingi, Usafi Kidogo

Jumamosi asubuhi mitaa mingi ya Dar es Salaam hunuka Jik. Milango iko wazi, redio iko juu, maji yanatiririka kutoka barazani hadi uchochoroni, na mama mwenye nyumba au dada wa kazi ameinama na tambara akisukuma povu kutoka chumba hiki kwenda kile. Ikifika saa nne nyumba inanukia na sakafu inang'aa. Jumanne ukirudi, bomba la bafuni lina magamba yale yale meupe, ukuta wa nyuma ya jiko unanata vile vile, na kabati la nguo bado linanuka ukungu.

Maoni yangu ni kwamba tunachoka sana na kusafisha kidogo. Tuna sabuni moja ya maji, ile ya kupima dukani, na hiyo hiyo tunaimwagia kila kitu, kuanzia sahani hadi choo. Isipotosha tunaongeza. Ikishindikana tunaleta Jik. Lakini uchafu wa jikoni ni mafuta, wa bafuni ni madini ya maji, wa chumbani ni vumbi na unyevu. Kila mmoja una dawa yake, na dawa ya mmoja mara nyingi haimgusi mwenzake.

Bafu ndilo linaloonyesha hili waziwazi. Nyumba nyingi za Dar zinatumia maji ya kisima, na maji hayo yamejaa kalsiamu na magnesiamu. Yakikauka juu ya bomba au kigae, maji yanaondoka na madini yanabaki. Wiki hadi wiki yanajipanga hadi yanakuwa jiwe. Jiwe hilo sabuni hailiwezi, hata usugue hadi adhuhuri. Mbaya zaidi, sabuni ya kipande ikikutana na maji ya namna hii inatengeneza utando wa kijivu, ule unaoukuta kwenye beseni na chini ya kuta. Yaani kadiri unavyomwaga sabuni ndivyo unavyoongeza cha kusugua.

Kinachoyeyusha magamba ni asidi, nayo iko jikoni: siki nyeupe ya kachumbari, au ndimu msimu zinapokuwa za bei ya kutupwa. Chukua kitambaa chakavu, kiloweshe siki hadi kitone, kizungushie shingo ya bomba pale chini magamba yanapojikusanya, kisha ondoka. Nenda kafanye kazi nyingine kwa saa nzima. Ukirudi na kufunua utakuta ule weupe umelegea, na mswaki mzee unaubandua vipande vipande bila kutumia nguvu. Kichwa cha bomba la mvua kinachotoa maji kwa tundu tatu tu kifungue ukilaze ndani ya bakuli la siki usiku kucha. Video za mtandaoni zinasema ukifunge mfuko wa plastiki ukiwa huko huko juu, ushauri mzuri kwa watu ambao mifuko yao haikupigwa marufuku 2019. Bakuli linatosha.

Tahadhari moja tu: asidi hailijui jiwe la kuondoa na jiwe la kuacha. Terazo na marumaru halisi zina madini yale yale ya magamba, kwa hiyo siki inazila na kuziacha zikiwa hazing'ai tena. Saruji ya kati ya vigae nayo inaliwa polepole. Sehemu hizo zitosheke na sabuni kidogo, brashi na maji ya kutosha ya kusuuzia.

Sasa niseme la Jik, maana hapa ndipo tunapocheza na roho zetu. Dawa hii inaua vijidudu na inatoa madoa, lakini haiondoi uchafu. Ukiimwaga juu ya uchafu, nguvu yake inaishia kwenye uchafu huo, na vijidudu vya chini yake vinabaki salama. Utaratibu ni kusugua kwanza, kusuuza, kisha kupaka Jik iliyochanganywa na maji ya baridi kwa kipimo cha kwenye lebo, na kuiacha dakika kumi hivi kabla ya kuisuuza. Maji ya moto yanaiharibu. Tena isiwe kila siku, hasa kama choo chako kinaingia kwenye karo, maana bakteria wanaomeng'enya uchafu mle ndani nao wanakufa, na gari la kunyonya maji machafu halina bei ya kirafiki.

Kubwa kuliko yote, Jik isikutane na dawa ya choo yenye asidi. Hata na siki isikutane. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, na vyoo vyetu vingi vina kidirisha kimoja kidogo kule juu. Kuna watu wanaoamini kwamba dawa isiyokukohoza na kukutoa machozi haijafanya kazi. Kikohozi hicho ni mapafu yako yanalalamika. Ukisikia hivyo, toka nje, acha mlango wazi, usirudi kumalizia. Na hizi dawa za choo za kupimiwa kwenye chupa za maji ya kunywa, zisizo na jina wala lebo, mimi ningezipiga marufuku kwa mkono wangu. Mtoto mwenye kiu hajui kwamba leo chupa ile ina tindikali.

Jikoni mambo yanageuka. Mafuta hayaogopi siki. Mafuta yanaogopa joto na vitu vya jamii ya magadi. Ndiyo, magadi yale yale ya kulainishia maharage na makande. Ni mchanganyiko wa asili wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na jamii hiyo ya chumvi ndiyo inayotiwa kwenye sabuni nyingi za unga. Kule Ziwa Magadi, Kenya, kampuni ya kuyachimba iliundwa 1911, na viwanda vya vioo na sabuni ni wateja wake wakubwa, huku sisi tukiyaweka kwenye kopo nyuma ya chumvi tukingojea siku ya makande. Yeyusha kijiko kikubwa kimoja kwenye lita ya maji ya moto, chovya kitambaa, bandika ukutani nyuma ya jiko, ngoja dakika kumi na tano. Yale mafuta ya manjano yaliyoganda na vumbi yatafutika. Suuza vizuri, na vaa glavu, kwani magadi hukausha ngozi.

Usiyapeleke kwenye sufuria za alumini. Magadi yanaifanya alumini iwe nyeusi, na mtu aliyewahi kuchemshia makande kwenye sufuria mpya ameshaliona hilo kwa macho. Dawa ya weusi huo ni kinyume chake: chemsha maji yenye ukwaju au maganda ya ndimu ndani ya sufuria hiyo, na itarudi nyeupe bila stilwaya. Masizi ya nje yanazuilika kabla hayajaingia. Wapishi wa shughuli wanaotumia kuni huipaka sufuria udongo au majivu yaliyokorogwa na maji kabla ya kuiinjika. Moto ukiisha, masizi yanatoka pamoja na udongo. Ukoko wa wali usiukwangue. Mimina maji ya moto na tone la sabuni, funika, kale kwanza.

Watu wa mtandaoni wana mapenzi makubwa na mchanganyiko wa siki na baking soda. Unachemka, unatoa povu, unapendeza kwenye video. Lakini kimoja ni asidi na kingine ni kinyume chake, na vikikutana vinamalizana. Povu ni gesi inayopotea hewani, na kinachobaki kwenye bakuli ni maji yenye chumvi dhaifu. Tumia kimoja, suuza, kisha tumia kingine kama bado kuna kazi.

Dodoki na vitambaa vya vyombo havihitaji maneno mengi: suuza, kamua, anika juani. Dodoki linalolala kwenye kisahani chenye maji linarudisha kwenye sahani kile ulichokiondoa.

Sebuleni na vyumbani, adui wa kwanza ni haraka ya kumwaga maji. Vumbi likilowa linakuwa tope, na tope unalipeleka huku na huko. Anza juu, tena pakavu. Pangaboi lina njia nzuri kuliko zote: vesha foronya kuukuu kwenye panga moja moja, bana kwa mikono miwili, vuta. Vumbi lote linabaki ndani ya foronya badala ya kukuangukia machoni na kitandani. Kisha utando wa buibui pembeni, nyavu za madirisha kwa brashi kavu, vioo vya luva, makabati, na sakafu iwe ya mwisho. Anayepiga deki kwanza kisha akawasha feni lenye vumbi anajitafutia kazi.

Na deki yenyewe inataka ndoo mbili. Moja ina maji yenye sabuni kidogo, nyingine maji matupu ya kusuuzia dekio kabla ya kulirudisha kwenye sabuni. Kwa ndoo moja, ukifika chumba cha pili unapaka maji ya chumba cha kwanza. Halafu kijiko kimoja au viwili vya sabuni kwa ndoo vinatosha. Sabuni ikizidi na isiposuuzwa inaacha utando unaonata, na utando huo ndio unaodaka vumbi la miguu. Ukiona sakafu imekuwa nyeusi jioni ya siku iliyodekiwa, usimtafute mchawi. Jaribu kupiga deki mara moja kwa maji matupu ya uvuguvugu uone rangi ya ndoo.

Pwani tuna tatizo ambalo mtu wa Dodoma halielewi: ukungu. Masika ikishika, mikanda ya ngozi inaota ndevu za kijani na suti ya harusi inanuka gunia. Kupaka rangi juu ya ukuta wenye ukungu ni kuuficha kwa miezi michache, na Jik kwenye ukuta wa plasta mara nyingi inafuta rangi ya ukungu tu, wakati mizizi iko ndani na unyevu bado upo. Tafuta maji yanatoka wapi: bati linalovuja, bomba la ukutani, au nguo zinazoanikwa ndani. Sogeza kabati kiganja kimoja kutoka ukutani ili hewa ipite. Likipatikana jua, hata kwa muda wa saa mbili tu, fungua milango ya kabati, toa viatu na magodoro nje. Ngozi ipanguse kwa kitambaa chenye siki kidogo, ikauke kivulini.

Chandarua chenye dawa kina sheria zake. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na maji ya baridi, taratibu, bila Jik, na kianikwe kivulini, kwa sababu jua kali linaharibu dawa. Vimetengenezwa kuhimili takriban mifuo 20, kwa hiyo anayekifua kila wiki kwa kupenda usafi anabaki na neti tupu kabla ya mwaka kwisha. Kila miezi mitatu inatosha.

Kuhusu dada wa kazi nina neno. Tunamgombeza kwamba hajasugua vizuri, wakati tumempa tambara la fulana iliyochanika, mikono mitupu na dawa inayobabua. Nyumba yenye televisheni ya inchi 55 haikosi pesa ya glavu za mpira, brashi yenye mpini mrefu na ndoo ya pili. Na aelezwe kwa nini dawa hii haichanganywi na ile. Wengi wao hawajawahi kuambiwa, na lebo nyingi zimeandikwa kwa lugha asiyoisoma.

Limebaki pipa. Mgao wa maji umetufanya kila mtu awe na pipa bafuni au ndoo kubwa nyuma ya nyumba, na ndiyo sehemu tunayoisafisha kwa nadra kuliko zote. Dar ilipigwa na dengue 2014 na tena 2019. Mbu wake, Aedes, hana shida na mtaro mchafu. Anapenda maji masafi yaliyotulia nyumbani kwako, na anataga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo yanakaa makavu kwa miezi bila kufa, kisha maji yakiyafikia yanaanguliwa, na ndani ya wiki moja na ushei unao mbu wanaoruka. Ndiyo maana kumwaga maji na kujaza upya hakusaidii. Pipa lilazwe chini kila wiki, kuta za ndani zisuguliwe kwa brashi kuanzia mdomoni hadi kitakoni, lisuuzwe, lijazwe, na lifunikwe kwa mfuniko unaokaza au neti iliyofungwa kwa mpira. Kazi hii wapewe vijana wa kiume wa nyumba, wana mikono mirefu, na Jumapili kabla ya mpira hawana kisingizio.