Maksai Si Ushamba

Kila msimu wa kilimo ukikaribia nasikia yaleyale: mkulima aachane na ng'ombe, anunue mashine. Mimi simo. Wanaosema hivyo hupima kasi tu, na kwa kasi maksai hana lake mbele ya trekta. Lakini mkulima wa Usukuma mwenye ekari chache anachotaka ni kulima mara mvua ya kwanza inapolainisha ardhi, bila kupanga foleni ya trekta la kukodi wala kusubiri spea kutoka mjini.

Kilimo Kwanza, mkakati wa serikali ya Tanzania wa kukuza kilimo, ilipotangazwa mwaka 2009, pawatila (trekta ndogo za magurudumu mawili zinazoongozwa kwa mikono) zilipelekwa wilaya nyingi. Kwenye majaruba ya mpunga zinafaa, hilo sibishi. Tope lile ni mateso kwa ng'ombe. Zipeleke sasa kwenye udongo mkavu uliogandamana, uone zinavyorukaruka.

Udhaifu wa maksai uko kwingine, na sisi tunaowatetea huwa hatuutaji. Mvua za kwanza huwakuta wamekonda. Wametoka kiangazi, na kazi nzito kuliko zote inawaangukia wakiwa hawana nguvu. Wasukuma walilijua hilo zamani, ndiyo maana wakawa na ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zikinyesha ili majani yakue, likafunguliwa kiangazi kikikolea. Nyingi zilipotea, hadi mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 ulipohimiza watu kuzirejesha. Ngitili ndiyo sheli ya maksai. Kijiji kinachoigawa yote kuwa mashamba kisishangae jozi ikilala chini na plau ikiwa katikati ya shamba.

Linaloniudhi zaidi ni watoto. Anayetangulia mbele ya maksai mara nyingi ni mwanafunzi, na msimu wa kulima madawati hubaki wazi. Wala si lazima. Maksai waliofundishwa vizuri hufuata sauti ya mtu aliyeshika plau. (Fimbo nayo hupungua, na shingo hazichubuki kama nira imechongwa sawasawa.) Ila mwalimu wa maksai utamtafuta sana, wakati muuza matrekta anakuja mwenyewe hadi mlangoni.

Halmashauri ikipata fedha za mashine, mimi ningeomba sehemu yake ijenge josho la kuogeshea ng'ombe, ilipie chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, na iajiri wakufunzi wa maksai. Pawatila ziende majarubani.