Bunduki ya kwanza ya nusu-otomatiki: .22 inadharauliwa bure

Mpenzi wa silaha wa Dar es Salaam anayetafuta raifo yake ya kwanza ya nusu-otomatiki (inayojipakia yenyewe kila inapofyatuliwa) hukutana mapema na ushauri unaotolewa kwa kujiamini sana: achana na .22 (kaliba ndogo, yaani risasi yenye kipenyo cha inchi 0.22 hivi), hiyo ni ya kuulia njiwa, chukua risasi kubwa tangu mwanzo. Wanaoutoa si wajinga. Wengi wamefyatua risasi nyingi na wana sababu zinazostahili kusikilizwa. Ila katika mabishano haya .22 haijapata wa kuitetea vizuri. Hata wanaoipenda huishia kusema ni ya bei nafuu na haina teke, kana kwamba wanaiombea radhi.

Mambo mawili ya kwetu yawekwe sawa kwanza. Nusu-otomatiki hapa Tanzania si bunduki ya kuwindia. Hairuhusiwi kwenye uwindaji, na anayefuata nyati anatakiwa awe na kaliba .375 au zaidi, kwa kawaida ya bolti (inayopakiwa kwa mkono kila risasi) au ya mitutu miwili. Kwa hiyo swali la "itaangusha nini?" ni swali la bunduki nyingine. Pili, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, raifo yenye asili ya kijeshi ina njia nyembamba mno kufika mikononi mwa raia. Pata jibu la aina na kaliba kwa maandishi kabla ya kumpa muuzaji hata shilingi. Kinachobaki kwa mtu wa Dar ni shabaha: karatasi na chuma, mita 25 hadi 100.

Sasa upande wa watetezi wa risasi kubwa. Hoja yao yenye nguvu kuliko zote haimo ndani ya bunduki, imo kwenye makaratasi. Kila silaha ni ombi jipya, na anayenunua .22 leo kisha akataka .223, kaliba ya raifo za aina ya AR-15, baadaye atarudi mtaani, kwenye kamati za ulinzi na usalama, na polisi, aanze upya. Anayekuambia "nunua mara moja" anakuokolea miezi. Hilo ni kweli na halina jibu rahisi.

Wana hoja za kiufundi pia. Risasi kubwa ina kiwashio (kemikali ya kuwasha baruti) katikati ya kitako cha ganda, kimetengenezwa peke yake na kupachikwa. Hugoma mara chache sana. Ya .22 kemikali yake imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda, na ikikosa kuenea sawasawa, pini ya kufyatulia hupiga mahali patupu. Halafu mitutu mingi ya AR-15, raifo za nusu-otomatiki zenye umbo la kijeshi, imepakwa kromu ndani, jambo la maana katika mji wenye hewa ya chumvi kama huu. Bolti yake hubaki nyuma risasi zikiisha, ukajua papo hapo kwamba magazini (kibebeo cha risasi) ni tupu. Nguvu ndiyo usiseme: .223 ya kawaida hutoka na jouli 1,700 hivi, wakati .22 hutoka na 150 hadi 190.

Hiyo tofauti ya mara kumi ndiyo inayopofusha watu. Nguvu haimfundishi mtu kulenga. Anayeanza ana adui mmoja anayezidi upepo, umbali na ubovu wa darubini: kushtuka kabla ya mlio. Mwili ukishajua kwamba kuvuta triga huleta kishindo na teke, unajihami mapema. Bega linasukuma mbele, jicho linafumba, kiganja kinakaza, na mdomo wa mtutu unashuka kabla risasi haijatoka. Mwenyewe hana habari. Atalaumu darubini, atalaumu risasi, atapeleka bunduki kwa fundi.

Tazama hesabu yake. Ruger 10/22, raifo ya .22 ya nusu-otomatiki, ya kawaida ina urefu wa takriban sentimita 94. Ikiegemea bega, mdomo wa mtutu ukishuka milimita 1 tu, risasi itapiga sentimita 5 chini ya ulipolenga kwa umbali wa mita 50. Duara la pointi 10 kwenye karatasi ya mashindano ya kimataifa ya raifo mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4. Yaani milimita moja ya woga inakutoa nje ya duara hilo mara tano ya upana wake. Mita 100 kosa ni sentimita 10 na zaidi. Milimita moja haionekani kwa macho ya aliyesimama kando yako, wala hutaisikia begani. Na hapo tumezungumzia milimita 1. Mgeni aliyepigwa teke mara mbili tatu anashusha mtutu zaidi ya hapo bila kujua.

Kwa raifo kubwa kosa hili linajificha, kwa sababu mara tu baada yake bunduki inaruka na kufuta ushahidi wote. Darubini inaonyesha anga, kisha unaitafuta shabaha upya. Kwa .22 mtutu karibu hauinuki. Msalaba wa darubini unabaki ndani ya karatasi, unaona ulikokuwa wakati wa mlio, na unaweza kusema "hii imekwenda chini kushoto" kabla hujaangalia tundu. Siku utakapotabiri matundu yako nane kati ya kumi, umeshaanza kuwa mpiga shabaha. Sijui njia ya mkato ya kufika hapo kwa bunduki inayokuruka usoni kila unapoifyatua.

Nusu-otomatiki ndiyo inayofaa zaidi kwa dawa ya ugonjwa huu. Mpe mwenzako magazini ya risasi kumi, ajaze saba za kweli na tatu bandia, kwa mpangilio usioujua. Lenga, vuta. Bolti inajirudisha yenyewe, huna dalili yoyote ya kinachofuata, mpaka triga inapolia "ka!" bila mlio na mtutu unachota chini mbele ya macho yako. Hakuna mwalimu anayeweza kukuambia jambo hilo kwa uwazi zaidi. Toa ile bandia kwa kuvuta bolti kwa mkono, mtutu ukibaki kwenye shabaha, endelea. Magazini mbili za hivi mwanzoni mwa kila zoezi zinatosha, na mtutu ukiacha kuchota, rudi kwenye kupiga makundi ya risasi tano tano kwenye shabaha moja, uone matundu yanavyokaribiana.

Wapo wanaosema kwa zoezi kama hili bolti ya mkono ingefaa zaidi, kwani nusu-otomatiki humfundisha mtu kumwaga risasi. Wana haki nusu. Tiba ni kupakia moja kwenye magazini wiki za mwanzo, halafu mbili, halafu tano. Risasi zenyewe hununuliwa kwa kibali, kwa hiyo anayezimwaga atakaa muda mrefu akiifuta bunduki tupu.

Lakini kuna dharau moja ya .22 ambayo si suala la ladha. Ni hatari. Maboksi mengi ya risasi hizi yana onyo kwamba zinaweza kusafiri hadi maili 1.5, karibu kilomita 2.4. Pima umbali huo kutoka kwenye kiwanja chako Goba au Kigamboni uone unaishia sebuleni kwa nani. Hakuna kupiga chupa nyuma ya nyumba. Hata mlio wake, karibu desibeli 140, unaharibu masikio. Raifo kubwa hupita 155. Vizibo au vifuniko vya masikio ni lazima kwa zote mbili.

Jambo la pili la usalama linahusu kila nusu-otomatiki: bunduki hii hujipakia. Ukifyatua, chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inayokaa risasi) inajaa tena. Mpangilio wa kuondoa risasi ni magazini kwanza, bolti baadaye. Anayevuta bolti kwanza hutoa risasi moja, bolti ikirudi inaingiza nyingine, kisha anachomoa magazini akiamini bunduki ni tupu. Ajali nyingi za "sikujua ina risasi" zimo ndani ya makosa hayo ya mpangilio. Mtutu upande salama, kidole nje ya triga, chomoa magazini, vuta bolti mara tatu, ifunge nyuma, tazama chemba kwa macho, kisha iguse kwa kidole kidogo. Hapa 10/22 ina udhaifu wa kukubaliwa: bolti yake haibaki nyuma baada ya risasi ya mwisho, na mlio wa triga tupu si uthibitisho wa chochote.

Kwa hiyo ipi? 10/22 ipo sokoni tangu 1964, magazini yake ya kuzunguka ya risasi 10 haibani ovyo, inafunguka kwa skrubu moja kubwa na pini chache, na vipuri vyake vinajulikana kila mahali. Marlin Model 60 ya tangu 1960 inalenga vizuri sana, lakini hubeba risasi kwenye bomba chini ya mtutu, na risasi inaweza kukwama humo bila kuonekana. Kwa anayeanza, magazini ya kuchomoa ni bora. Anayependa umbo na vitufe vya AR-15 anaweza kuangalia Smith & Wesson M&P15-22 ya .22, ila umbo hilo linaweza kuzua maswali mezani kwa ofisa kabla hujaeleza kaliba. SKS, raifo ya zamani ya kijeshi ya Kirusi ya kaliba 7.62x39, nayo husifiwa, na ni imara kweli, lakini pini yake huelea bila springi. Ikigandishwa na grisi ya ghalani inaweza kufyatua mfululizo bolti inapofunga. Halafu risasi za zamani za kaliba hiyo mara nyingi zina kiwashio chenye chumvi. Kwa unyevu wa Dar, mtutu usiooshwa kwa maji ya moto siku hiyohiyo huanza kutu haraka.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha tupu, kisha kagua mdomo wa chemba. Alama ya pini iliyochimba ukingo inazuia risasi kuingia na kutoka. Tazama mdomo wa mtutu kama haujaliwa na fimbo ya chuma ya kusafishia. Kisha vuta bolti nyuma uiachie, vuta triga na uishikilie, rudisha bolti nyuma uiachie, legeza triga taratibu mpaka usikie "ka", vuta tena: nyundo ianguke. Ikianguka yenyewe wakati bolti inafunga, mrudishie mwenye nayo.

Kukwama nako kuna sababu zake. Nusu-otomatiki nyingi za .22 hazina kufuli kwenye bolti. Uzito wake na springi ndivyo vinavyoizuia mpaka risasi itoke. Mfumo huo unarudisha masizi na nta ya risasi ndani ya bunduki, na risasi za mwendo mdogo, zile za mita 320 kwa sekunde, hushindwa kuisukuma bolti iliyochafuka. Ganda linabanwa limesimama kwenye tundu la kutolea. Mswaki na mafuta kidogo kwenye uso wa bolti na ndoano ya kutolea maganda kila baada ya risasi 200 au 300 humaliza sehemu kubwa ya matatizo. Ndani ya mtutu usisugue sana. Nje ndiko kwa kushughulikia: jasho la mkono na hewa ya baharini, kitambaa chenye mafuta kila ukiishika, na sefu yenye vifuko vya kunyonya unyevu vinavyobadilishwa.

Risasi ikigoma, shikilia mtutu kwenye shabaha sekunde 30, kisha itoe na uitenge. Usiirudishe kwenye magazini. Mlio ukiwa dhaifu kuliko kawaida, simama hapohapo, ondoa magazini, angalia kama risasi imebaki ndani ya mtutu. Nusu-otomatiki itakuwa imeshakuwekea nyingine nyuma yake.

Kuhusu umbali, ambao watetezi wa risasi kubwa huutaja kwa ushindi: .22 ambayo darubini yake imerekebishwa igonge ilipolengwa mita 50 hushuka sentimita 18 hadi 25 ikifika 100, na upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma sentimita 10 au zaidi, wakati .223 husogea kama 3. Kwa mwanafunzi hiyo ni faida. Msimu wa kusi, mita 100 za .22 zinamfundisha upepo ambao mwenye .223 angehitaji uwanja mrefu zaidi kuuona, na viwanja virefu hapa mjini si vya kuokota.

Bunduki ikishafika, usinunue boksi kumi za chapa moja kwa sababu muuzaji anazo. Chukua boksi tatu tofauti za risasi 50, za mwendo wa kawaida na za kasi, uzijaribu mita 50 juu ya mfuko wa mchanga, makundi matano ya risasi tano kwa kila aina. Kati ya aina mbili zinazokaribiana kwa kundi, chagua ile ambayo haikukwama hata mara moja, na uandike namba ya toleo iliyopo kwenye boksi.