Kipakatalishi Kinapakatwa, Kishikwambi Je?

"Ongeza mstari mmoja tu, unirudishie." Ndivyo alivyoniambia bosi leo asubuhi. Mmoja tu! Angejua kuwa niliuza laptopu yangu kwa hiari, nikiwa na akili zangu timamu, nikahamia kwenye kishikwambi, yaani tableti, kwa sababu eti ni chepesi, lile "tu" lingemkwama kooni.

Nikafungua jedwali. Nikagusa kisanduku ninachokitaka, kikachaguliwa cha jirani. Nikagusa tena, kibodi ikapanda kutoka chini kama mafuriko, ikameza nusu ya kioo pamoja na huo mstari wenyewe. Nikaandika kwa kukisia. Nikatelezesha kidole nione nilichoandika, kumbe nimeshika namba na kuiburuta hadi kwenye majina. Sasa ofisini tuna mwenzetu anaitwa 48,500.

Kuhifadhi je? Swali hilo kishikwambi hakipendi kuulizwa. Nilipolitafuta faili nilikuta matatu, yote yakidai kuwa ndiyo ripoti ya mwisho. Tovuti ya kupakia ikanifungulia sura ya simu, haina kitufe. Nikailazimisha ilete sura ya kompyuta, ikaleta herufi za ukubwa wa chawa. Nikachungulia barua pepe mara moja kutafuta nywila, kurudi ukurasa umejifungua upya, fomu nyeupe pee.

Bosi akapiga kwa video. Sasa, kamera yangu iko upande mfupi. Nikikilaza kishikwambi, naonekana nimegeuza uso kama mtu aliyesusa.

"Mbona huniangalii?"

"Nakuangalia, bosi."

"Unaangalia dirisha."

Nikahamia kwenye jedwali nimwonyeshe, picha yangu ikaganda, mdomo wazi. Akaongea na ule mdomo dakika nzima. Nadhani alikuwa ananiuliza kuhusu 48,500.

Hapo, jamani, hasira ikanipanda kweli. Kitu kina nguvu ya kuhariri video, halafu kinashindwa kubeba jedwali na uso wangu kwa pamoja? Lakini ukoo wenyewe ndio huo. iPad ilitoka 2010, programu yake ya kikokotoo ikaja 2024. Miaka 14 mtu anasubiri kujumlisha! Changu si iPad, ila tabia zinafanana.

Tundu ni moja: flashi au chaji, chagua. Nikanunua kigawanyio. Nikanunua kibodi, kipanya, kalamu, na kile kiegemeo. Begi sasa ni zito kuliko enzi za laptopu. Nimejinunulia laptopu kwa vipande.

Na lugha ilishanionya. Kipakatalishi, yaani laptopu, kinapakatwa, jina linasema lenyewe. Hiki ukikipakata na kibodi yake ya sumaku kinalegea kiuno, kinaangukia magotini kifudifudi. Kishikwambi ni cha kushikwa. Ukikishika kwa mikono miwili, utaandika kwa nini, pua?

Nisikionee, kusoma nacho kitandani ni raha. Kusaini nyaraka kwa kalamu, safi kabisa. Tatizo raha hiyo kila mtu nyumbani kaigundua. Laptopu hakuna aliyewahi kuniomba. Hiki, mtoto wa dada yangu haamkii siku hizi, anaingia na "Mjomba, gemu." Mstari wa bosi bado sijautuma. Kishikwambi kiko sebuleni kinaimba herufi, wamefika K, na mimi nimekaa kwenye kiti nasubiri zamu yangu.