Kangomba, mnada na deni la Machi

Ukitaka kuanzisha ugomvi Tandahimba au Newala, mkoani Mtwara, mtetee kangomba. Huyu ni mnunuzi wa korosho wa nje ya mfumo rasmi. Anapita vijijini na kipimo chake mwenyewe, na mara nyingi analipia korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Amepigwa marufuku miaka nenda rudi, na lawama nyingi anastahili: kipimo chake kinapunja, na anayemuuzia huwa kabanwa na shida.

Mfumo rasmi wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara mwaka 2007, ulikusudiwa kummaliza. Mzigo unapelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapimwa kwa mizani, unaingia ghalani. Wanunuzi walikuwa wanatumbukiza barua za bei kwenye sanduku, na siku ya mnada zinasomwa mbele ya wakulima wenyewe. Bei isipowaridhisha, wanakataa. Kwangu mimi, uhuru wa soko uko hapo hasa, kwenye ile sauti ya "hatuuzi". Oktoba 2018 ilisikika. Bei zilizosomwa zilikuwa chini sana ya zile za msimu uliotangulia, zilizofika hadi Sh4,000 kwa kilo, na wakulima wakagoma.

Novemba, Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo, na jeshi litazisomba. Hoja yake haikuwa ya kubeza. Wanunuzi wakubwa ni wachache, korosho ghafi nyingi zinakwenda kubanguliwa India na Vietnam, na mwenye kampuni anaweza kungoja wiki sita wakati mzazi anayedaiwa ada ya Januari hawezi. Soko la namna hiyo lina jina la uhuru tu. Waliomshangilia kule kusini walikuwa na sababu.

Shida ilianza kwenye uhakiki. Kabla ya kulipwa, mwenye mzigo alitakiwa aonyeshe shamba lililotoa korosho hizo. Asiye nalo ni kangomba, na kangomba halipwi. Kwenye karatasi inapendeza. Sasa mchukue mwenye duka la kijijini. Machi, ghala la nyumbani limebaki tupu, mtoto anaumwa, na mlangoni kwake anakuja jirani. Anampa unga na nauli ya hospitali. Ikifika Juni anamwongezea salfa ya kupulizia mikorosho. Watamalizana kwa magunia. Hakuna karatasi wala shahidi. Kinacholishika deni ni kwamba wanaonana msikitini kila Ijumaa, na kwamba Machi nyingine itakuja, mlango ni uleule. Mahakama haijui habari zao, na bado biashara hiyo inakwenda.

Kwa kanuni ya uhakiki, mwenye duka huyu na yule mpunjaji wa vipimo wamo kapu moja. Ukimnyima malipo, faida ya dhuluma unaweza kuwa umeizuia (kama ilikuwepo). Lakini umeondoa pia sababu ya yeye kumkopesha mtu mwaka unaofuata, na hilo halionekani kwenye ripoti yoyote ya ukaguzi.

Nayo ahadi ya Serikali ilichelewa. Malipo yalivuta miezi, wapo waliofika msimu mpya wakidai, na mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja ya Kenya, uliotiwa saini Januari 2019, ukavunjika. Nia njema haikulipa ada ya mtu. Kangomba, pamoja na uovu wake wote, hulipa papo hapo, na ndiyo maana kumfukuza ni kazi ngumu.

Msimu wa 2019 minada ikarudi, na sasa inafanyika kwa mtandao. Sina ugomvi nayo. Anayepunja kwenye kipimo ashtakiwe kwa kupunja, tena hadharani. Ila mnada, hata uwe wa kielektroniki namna gani, unafunguliwa Oktoba. Unga unakwisha Machi, na anayeupiga marufuku mkopo wa mwenye duka anatakiwa aseme jirani yule aende mlango gani.