Elfu 25 kwa siku: hesabu ya kuchimba bitcoin kwa umeme wa LUKU

Shemeji yangu wa Mbagala amenitumia picha ya mashine ya kuchimba bitcoin, Antminer S21, na chini yake maneno ya muuzaji: inaingiza Sh 25,000 kila siku, mwenyewe umelala. Bei yake milioni 8. Shemeji alitaka kujua jambo moja tu: achukue hiyo, au ile S9 ya mtumba ambayo muuzaji huyohuyo anaitoa kwa laki chache?

Nimpe muuzaji haki yake kwanza. Hiyo 25,000 hakuitunga. Mtandao wa bitcoin hufunga bloku moja ya miamala kila baada ya dakika 10 hivi, yaani bloku 144 kwa siku, na tangu Aprili 2024 kila bloku inalipa bitcoin 3.125. Jumla ni bitcoin 450 kwa siku, na wachimbaji wa dunia nzima wanagawana kwa kadiri ya nguvu za mashine zao. S21 ina nguvu ya terahashi 200, yaani inabahatisha jibu la kufunga bloku mara trilioni 200 kwa sekunde. Tuchukulie mtandao mzima una terahashi milioni 900, kiwango ulichokuwa ukikizunguka mwaka 2025. Mashine moja, ikiwa imejiunga na kundi la wachimbaji, mgao wake ni satoshi 10,000 hivi kwa siku (bitcoin moja ni satoshi milioni 100). Bitcoin ikiwa dola 100,000 na dola ikiwa Sh 2,500, hiyo ni dola 10. Elfu 25 kamili.

Alichokinyamazia ni umeme. S21 inakula wati 3,500, na kwa saa 24 hizo ni uniti 84. Mteja wa kawaida wa TANESCO akinunua umeme wa Sh 1,000 anapata uniti 2.8 hivi, kwa hiyo uniti 84 ni Sh 30,000. Unaingiza elfu 25, unalipa elfu 30, na ile milioni 8 bado hatujaigusa. Shemeji akasema mita ya mama iko kwenye bei nafuu, ile ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Mashine hii inazimaliza hizo 75 kabla siku moja haijaisha.

Na S9? Hapo ndipo watu wengi wanaumia, kwa sababu bei yake inavutia. Unapolinganisha mashine hizi, usitazame jina wala wingi wa terahashi peke yake. Tazama wati zinazoliwa kwa kila terahashi. S9 ya mwaka 2016 inakula karibu wati 100. S19 Pro ya mwaka 2020 inakula 29.5. S21 inakula 17.5. Kwa makadirio yale yale, S9 inaingiza kama Sh 1,700 kwa siku na kula umeme wa zaidi ya Sh 11,000. Hata ukipewa bure, ni hasara iliyofungashwa kwenye boksi. Wenye kadi za michoro za kompyuta nao walikuwa na soko lao kwa miaka kadhaa, wakichimba sarafu nyingine ya kidijitali kwenye mtandao wa Ethereum, lakini mtandao huo uliachana na uchimbaji Septemba 2022.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye tangazo. Wati 3,500 ni sawa na pasi tatu na nusu zilizowashwa usiku na mchana bila kupumzika. Soketi zetu za ukutani ni za ampea 13, na mashine hii inavuta kama 15. Nimewahi kuona soketi iliyobebeshwa mzigo kuliko uwezo wake: plastiki imegeuka kahawia, tundu moja limelegea, na ukuta una harufu ya waya ulioungua. Fundi atalazimika kuvuta laini ya peke yake kutoka meini swichi. Feni zake zinalia kama blenda isiyozimwa, na joto lote linabaki chumbani, Dar es Salaam, Februari. Watoto watalala wapi?

Wanaotetea uchimbaji wa nyumbani wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba bitcoin itapanda, kwa hiyo hasara ya leo ni akiba ya kesho. Hii naikataa kwa hesabu nyepesi. Elfu 30 unayotia kwenye LUKU, ukiitumia kununua bitcoin moja kwa moja kwa bei ileile, inakupa satoshi 12,000 kabla ya makato. Mashine inakupa 10,000. Bei ikipanda mara kumi, aliyenunua bado yuko mbele yako, na hakutoa milioni 8.

Hoja ya pili ni ya joto, na hii ni kweli, ila si kwetu. Ndugu aliye Oslo au Toronto, ambaye majira ya baridi anapasha nyumba kwa hita ya umeme, akiweka mashine ndogo mahali pa hita anapata joto lilelile na satoshi juu yake. Mbagala joto ni mzigo.

Ya tatu ni kujifunza. Bitaxe ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, muundo wake uko wazi kwa yeyote, na toleo la Gamma lina terahashi 1.2 kwa wati 18 hivi. Umeme wake ni kama Sh 150 kwa siku. Kuchimba peke yako nayo ni bahati nasibu: kwa wastani bloku moja kwa miaka 14,000. Lakini kijana anayetaka kuelewa mtandao huu unavyofanya kazi atajifunza mengi, na hilo silidharau.

Kuhusu sheria, tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lilisema sarafu hizi haziruhusiwi nchini. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Anayetoa milioni 8 ayajue yote mawili.

Shemeji akaniuliza: basi nani anafaidika? Ni mwenye umeme usio na mnunuzi. Hifadhi ya Virunga, Kongo, ilianza mwaka 2020 kuchimba kwa umeme wa maji wa Luviro. Kenya, kampuni ya Gridless huweka mashine kwenye mitambo midogo ya maji na kuzizima wanakijiji wanapohitaji umeme. Huko hata S19 Pro ya zamani inalipa, maana kwa makadirio yetu inahitaji tu uniti isizidi kama Sh 170.

Shemeji ana mjomba Njombe mwenye mtambo wa maji unaosaga mahindi mchana, na usiku maji yanapita bure. Nimemwambia asitume hata senti kwa muuzaji. Aende kwanza huko na kipima umeme, alale usiku mbili, aandike wati zinazotoka saa kwa saa na kama simu inashika mtandao, halafu anipigie.